Namna ya Kuupima Utetezi wa Kampuni ya Bima

Atakaye kujua umahiri wa wakili aitetaye kampuni ya bima katika mahakama za California, pale mwenye bima anaposhitaki kwamba amenyimwa fidia yake kwa nia mbaya, asianze kwa kuusikiliza ufasaha wake, bali atazame kwanza jinsi anavyolisoma jalada la madai. Kwa kuwa utetezi wa kesi hizi huumbwa, aghalabu bila mtu kutambua, zamani kabla ya wakili kuajiriwa, kwa mkono wa yule karani aliyeandika, au aliyeacha kuandika, ni tabibu gani aliulizwa, siku gani, naye alijibu nini.

Sheria ya huko haiihukumu kampuni kwa kukosea tu. Ikiwa palikuwa na ikhtilafu ya kweli juu ya maana ya hati ya bima au kadiri ya madhara, kampuni yaweza kulazimika kulipa deni la mkataba na bado ikasalimika na tuhuma ya nia mbaya. Hoja hiyo ni ngao ya mawakili wote, na hapo ndipo hodari hupambanuka na dhaifu. Dhaifu humwita mtaalamu baada ya kesi kufunguliwa, akadhani kutofautiana kwa matabibu kumetosha. Hodari hakumbatii ngao hiyo mpaka aone tarehe, kwani katika kesi ya Wilson dhidi ya 21st Century, mwaka 2007, Mahakama ya Juu ya California ilisema wazi kwamba ikhtilafu haiwi ya kweli ila ikisimama juu ya uchunguzi kamili na wa insafu. Kampuni ilidai kwamba maradhi ya shingo ya majeruhi yalikuwa ya tangu zamani, ilhali ilipokataa kulipa haikuwa na kauli ya tabibu hata mmoja ya kuiunga mkono.

Lakini darasa lililo bora kupita yote, kwa maoni yangu, ni kesi ya Egan dhidi ya Mutual of Omaha, iliyoamuliwa mwaka 1979. Fundi wa mapaa alianguka kutoka ngazini. Kampuni ikaigeuza ajali kuwa ugonjwa, ambao fidia yake ilikuwa ya miezi michache badala ya maisha, bila ya kumshauri tabibu aliyemtibu. Mwakilishi wa kampuni alifika nyumbani kwake akamwita mlaghai. Na fundi alipojitolea kupimwa na tabibu yeyote watakayemchagua wao, huku akihofia kuikabili Krismasi iliyokaribia bila fedha, yule aliangua kicheko, hata mtu mzima akalia mbele ya mkewe na mtoto wake. Jambo kama hilo halitetewi, na wakili alitetealo huzidisha ghadhabu ya juri.

Kwa hiyo mimi huusifu zaidi utetezi ujuao la kuachilia: umshaurio mteja, mapema na kwa siri, alipe sehemu isiyobishaniwa, kisha ushike kwa nguvu zote suala la kipimo cha fidia ya adhabu. Katika kesi ya Egan juri ilitoza dola milioni 5 za adhabu; kosa la kutochunguza lilithibitishwa, walakini kiasi hicho mahakama ilikitangua kwa kuwa kilivuka mpaka.