Jung na Ndoto za Mlima Elgon

Msomaji, ikiwa wakaa Kakamega, au umepata kupita hapo, yafaa ujue kwamba mji huo umetajwa katika kitabu kimoja mashuhuri cha elimu ya nafsi. Umetajwa kwa maneno machache tu, tena jina lake limeandikwa vibaya, "Kakamegas", kana kwamba ziko nyingi. Aliyeutaja ni Carl Gustav Jung, daktari wa maradhi ya akili kutoka Uswisi, aliyefika hapo mwishoni mwa mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 50. Aliona makao ya Mkuu wa Wilaya, kikosi kidogo cha askari, hospitali, na, jambo lililomstaajabisha, nyumba ndogo ya wagonjwa wa akili. Ungedhani daktari wa kazi hiyo angekaa hapo japo ukurasa mmoja. Hakukaa. Alishika njia pamoja na wenzake na wapagazi, wakaelekea Mlima Elgon.

Alikuwa akitafuta nini? Sigmund Freud wa Vienna alikuwa amefundisha kwamba fahamu zetu, yaani ile hali ya kujijua na kuijua dunia tukiwa macho, ni sehemu ndogo tu ya nafsi. Sehemu kubwa imefichika, na ndoto ni njia ya kuifikia. Jung, aliyekwisha kutengana na Freud mwaka 1913, alisadiki jambo kubwa zaidi: kwamba chini kabisa ya nafsi mna hazina ya picha ambayo wanadamu wote wanaishiriki. Akaja Afrika akitumaini kukuta watu walio karibu zaidi na hazina hiyo kuliko Wazungu. Maneno hayo "karibu zaidi" yasikupite hivi hivi. Ndani yake mna sifa, na ndani ya sifa mna dharau, maana aliye karibu na chanzo huhesabiwa kuwa bado hajasafiri.

Habari zenyewe zimo katika kitabu cha maisha yake, Memories, Dreams, Reflections, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1962 na kwa Kiingereza mwaka 1963, baada ya yeye kufariki. Huko mlimani alikaa na watu aliowaita Waelgonyi, ambao ni miongoni mwa Wasabaoti wa leo. Wazee walikuja barazani, naye akazungumza nao kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, kamusi ndogo mkononi. Aliwaomba wamsimulie ndoto zao, akaahidi kuwapa sigara, viberiti na pini. Hakupata kitu. Siku moja alitamka neno la kuhusu mizimu, na baraza zima likanyamaza. Watu wakatazama kando, wengine wakaondoka. Mwishowe laiboni mmoja mzee alimjibu, machozi yakimlengalenga. Alisema kwamba zamani malaiboni waliota, wakajua kama vita vinakuja, au maradhi, au mvua. Lakini tangu Wazungu waingie, hakuna aotaye tena. Ndoto hazina haja, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu.

Hapa ndipo penye uzito wa sura hii. Je, maneno ya mzee yalikuwa kweli? Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza habari ya usingizi ambamo macho ya mtu aliyelala huenda mbio huku na huku chini ya kope. Waliwaamsha watu katika hali hiyo mara 27, na mara 20 walisimuliwa ndoto waziwazi. Usingizi wa namna hiyo huwajia watu kila usiku, watawala na watawaliwa; Mkuu wa Wilaya hakuwa na uwezo wa kuukomesha. Basi mzee hakuwa akitoa habari za usingizi wake. Alikuwa akisema kwamba ndoto imenyang'anywa kazi yake. Zamani mtu aliota, akasema, na watu wakahamisha ng'ombe kwa neno lake. Sasa amri ilitoka ofisini.

Jung alilielewa hilo, nami nampa haki yake: ameandika wazi kwamba mamlaka ya mganga yalikuwa yamehamia kwa Mkuu wa Wilaya. Lakini alipotafuta sababu ya watu wengine kumficha ndoto, alidhani ni woga, akaulinganisha na woga wa kupigwa picha. Mimi naona walikuwa na busara. Mwaka 1925 nyumba ya mtu wa Kenya ilikuwa imekwisha kuhesabiwa kwa ajili ya kodi, na wanaume walitakiwa kuchukua kipande. Aje tena mgeni mweupe kuomba kitu kilichosalia, kwa bei ya pini!

Kosa la namna hiyo hiyo lilikuwa limeonekana mapema katika safari, kabla hajafika Kakamega. Akisimama katika mbuga za Athi, karibu na Nairobi, mbele ya makundi makubwa ya wanyama, Jung alipata wazo zuri mno: kwamba ulimwengu usiojulikana na yeyote ni kama haupo, na mwanadamu, kwa kuufahamu, huukamilisha. Wataalamu wa fahamu wangali wakibishana juu ya jambo hili. Lakini alijiona kuwa mtu wa kwanza kuijua dunia ile, hali wachungaji wa Kimasai walikuwa wakipita hapo tangu zamani, na mbuga zenyewe zilikwisha kuwa na jina kabla hajashuka melini.

Sehemu inayonisikitisha kupita zote ni fupi sana. Jung anaeleza kwamba watumishi wake wa safari, Waswahili na Wasomali wa pwani, hawakuficha ndoto. Walikuwa na kitabu cha Kiarabu cha tafsiri ya ndoto, wakikifungua kila siku njiani, na wakishindwa walimwendea yeye kwa shauri. Fikiri, msomaji! Alikuwa amefuatana na watu wenye elimu ile ile aliyoitafuta, iliyoandikwa kitabuni, yenye wafasiri na mabishano yake, nayo ameipa mistari michache. Labda kwa sababu watu hao walisoma, hawakufaa kuwa chanzo.

Yeye mwenyewe, katika safari nzima, aliota mara moja tu juu ya mtu mweusi: kinyozi aliyemjua Chattanooga, Marekani, akimsokota nywele kwa chuma cha moto ziwe kama za Mwafrika. Alijitafsiria kwamba ni onyo, Afrika isije ikammeza. Kile kitabu cha Kiarabu kilisema nini juu ya nywele na kinyozi, hatuambiwi. Wala hatuambiwi kama aliwauliza wenye kitabu.