Sentimita Sitini za Udongo

Anayejua kuchimba tuta la mara mbili huanza kwa kuchuchumaa. Huchota udongo, huufinya kiganjani, kisha huugusa kwa kidole gumba. Ukimong'onyoka, kazi inaanza. Ukishikamana na kunata, hukusanya vifaa vyake na kuahirisha, kwa maana udongo uliochimbwa ukiwa umelowa hukauka mgumu hata mzizi ukashindwa kupenya. Wengi wetu tungechimba tu ili siku isipotee. Yeye hukubali kusubiri, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapoanzia.

Ufundi huu una walimu wake Thika, nchini Kenya. Kituo cha G-BIACK, kilichoanzishwa mwaka 2008 na Samuel Nderitu na mkewe Peris, hufundisha wakulima wadogo kupata chakula kingi katika eneo dogo. Juja, katikati ya Thika na Ruiru, kuna KIOF, taasisi ya kilimo hai iliyoanzishwa mwaka 1986 na John Njoroge, wakati ambapo mkulima asiyenunua mbolea ya dukani alionekana ameachwa nyuma. Mbinu ya kuchimba mara mbili ilienezwa na Mmarekani John Jeavons kuanzia miaka ya 1970, akichota kwa wakulima wa bustani za mboga za Ufaransa. Ilipofika huku ilikutana na akina mama waliokwisha kujua kazi ya majivu, samadi na mbegu za nyumbani.

Tuta huwa na upana wa mita moja na nusu hivi, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga. Mchimbaji hufungua mtaro wa kwanza, upana sentimita 30, kina sentimita 30, na udongo wake huuweka kando. Halafu hushuka na jembe uma, akalegeza sentimita nyingine 30 za chini bila kuzipindua, kwani udongo wa juu wenye uhai unapaswa kubaki juu. Udongo wa mtaro wa pili huingia wa kwanza, wa tatu huingia wa pili, na yeye husimama juu ya ubao ili uzito wake usishindilie alichokwisha kulegeza. Kufika jioni tuta limeumuka kama unga wa maandazi. Hakuna kilichoongezwa bado; ni hewa tu imerudi mahali pake.

Kisha inakuja mboji, na hapa nampenda zaidi fundi huyu. Mabua makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, maji, tabaka juu ya tabaka, halafu kijiti kirefu huchomekwa hadi katikati ya lundo. Baada ya siku chache hukichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikitoka na unga mweupe, lina kiu. Kikiwa baridi, lina kasoro, na atalipindua upya. Hana kipimajoto, na hakihitaji.

Mbegu nazo hupita mikononi mwake. Matunda ya mboga ya managu yaliyoiva hupondwa, huoshwa na kukaushwa kivulini. Terere hupurwa na kupepetwa. Sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilimtishia kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1 mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos mwaka 2022, na Novemba 2025 mahakama ikavitupilia mbali vifungu hivyo. Walistahili ushindi huo mapema zaidi.

Ruiru ndiko ninakokuwazia sana. Mji ulioipa nchi kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, sasa unang'oa mibuni kupisha nyumba. Anayenunua ploti ya futi hamsini kwa mia hubakiwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba kilichoshindiliwa na malori ya mchanga. Upande wa mashariki, kuelekea Kilimambogo, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Siku zake za kuchimbika ni chache mno. Ardhi ya namna hiyo ndiyo hasa inayomhitaji mtu wa kufinya udongo kwanza. Lakini tunamwita kibarua, tunamlipa ya kibarua, na tunamharakisha.

Wewe unayejenga Ruiru mwaka huu, acha mita moja na nusu kwa sita bila saruji. Mtafute mchimbaji kabla ya mvua za Machi, mwache achague siku, na umlipe ujira uleule unaomlipa fundi wa mawe.