"Hatari: Amini"
Tahakiki ya tafsiri moja ya karatasi ya usalama

Tafsiri zinazohakikiwa katika kurasa za namna hii aghalabu ni za vitabu, hotuba na sheria. Safari hii tunaleta kazi iliyo duni kwa umbo, kurasa mbili tu zilizopigwa chapa kwa wino hafifu, lakini ambayo kosa lake laweza kumpofusha mtu. Ni karatasi ya maelezo ya usalama ihusuyo kemikali iitwayo trietilamini. Tuliiona Lamadi, wilayani Busega, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapokutana na ile iendayo Bariadi. Dereva wa lori lililobeba mapipa alikuwa ameegesha ili apate chakula. Alipojua kwamba kazi yetu ni lugha, aliitoa karatasi hiyo akauliza: "Mwalimu, hapa wananiambia niamini nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kichwa cha karatasi, kwa herufi kubwa, kilisomeka: HATARI: AMINI.

Amini, kama wajuavyo walimu wa kemia, ni jamii ya kemikali zitokanazo na amonia baada ya atomu moja au zaidi za haidrojeni kuondolewa na mahali pake kushikwa na vikundi vyenye kaboni. Kanuni iliyotupa klorini na glisirini ndiyo iliyotupa neno hili, na hatuna ugomvi na kanuni hiyo. Tena limo vinywani mwetu siku nyingi bila ya sisi kulihisi. Mwaka 1912 Casimir Funk alipobuni jina la vitamini alidhani vitu hivyo vyote ni vya jamii ya amini, na ingawa dhana hiyo haikusimama, jina lilibaki. Lakini vitamini ina silabi zake za mwanzo za kuilinda. Amini iliyosimama peke yake baada ya neno Hatari haisomeki kama jina. Ni amri, na amri iliyo kinyume kabisa cha kusudi la karatasi. Katika kitabu cha shule neno likae, kwa kuwa sentensi nzima hulifafanua. Juu ya pipa liandikwe jina kamili, trietilamini, pamoja na namba yake ya Umoja wa Mataifa, 1296, ambayo mzima moto wa nchi yoyote ataitambua. Mfasiri wetu aliiacha namba hiyo, yaelekea kwa kudhani kwamba tarakimu si kazi yake.

Makosa ya moto ni mazito zaidi. Aya ya pili ya karatasi yasema kwamba hiki ni "kimiminika kisichowaka". Aya ya nne yasema ni "kimiminika kinachowaka". Kosa la kwanza chanzo chake kinajulikana. Kiingereza kina maneno mawili, "flammable" na "inflammable", yenye maana moja, na mfasiri amedhani kwamba kiambishi cha mwanzo cha lile la pili ni kikanushi. Sicho, neno latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha. Mtego huu umewanasa hata wenye lugha yao, na ndiyo sababu watu wa kinga ya moto katika nchi hizo walifanya juhudi ya kuliacha neno hilo katika karne ya 20.

Kosa la pili ni letu sote, nasi tumeliona hata katika kazi za wafasiri tunaowaheshimu. Kiambishi -na- katika kirejeshi chaweza kubeba maana ya jambo la kawaida, lakini msomaji asiye na muktadha hukipokea kama jambo litendekalo sasa hivi. Lori lililobeba kimiminika kinachowaka lingekuwa limekwisha teketea. Wako wanaopendekeza "kiwakacho", na kwa upande wa wakati wamepatia. Hata hivyo kuni nazo huwaka, na mafuta ya taa pia. Dhana inayotakiwa hapa ni wepesi wa kuwaka. Sisi tungesema "rahisi kushika moto", maneno ambayo mpishi wa Lamadi hahitaji kufafanuliwa, tena yanakubali kupandishwa daraja. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha na kuwekea kemikali alama, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 2003, hutofautisha vimiminika vya namna hii kwa madaraja. Rahisi, rahisi sana na rahisi mno zatosha kuyabeba yale matatu ya juu. Trietilamini imo katika daraja la "rahisi sana".

Kisha kuna "nukta ya mwanga: chini ya sifuri". Dereva alielewa kwamba kemikali hii huwa hatari penye baridi ya barafu, na kwa kuwa Lamadi haijapata kuona barafu ila ya kwenye jokofu, moyo wake ukatulia. Maana halisi ni kinyume chake. Kinachotajwa ni halijoto ya chini kabisa ambayo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na cheche. Ikiwa halijoto hiyo iko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, basi kando ya Ziwa Viktoria mvuke huo uko tayari usiku na mchana, mwaka mzima. Neno "nukta" limeletwa na Kiingereza tu. Tungependelea "halijoto ya mvuke kushika moto", ingawa ni refu, na tutenge "halijoto ya kujiwasha" kwa ile nyingine iliyo juu sana, ambapo kitu huwaka pasipo cheche. Karatasi imezichanganya zote mbili.

"Mvuke mzito", yaendelea karatasi, bila kusema mzito kuliko nini. Msomaji hufikiri wingu zito, lionekanalo. Mvuke wa trietilamini una uzito wa mara tatu na nusu ya hewa, nao hauonekani. Hushuka, hutambaa ardhini, hufuata mitaro. Na majiko ya mkaa ya wakaanga samaki na chipsi kando ya barabara yako chini, mahali mvuke huo uendako. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukazuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Ile ilikuwa petroli, nasi hatudai kwamba neno fulani lingewaokoa. Umaskini una lugha yake. Twasema tu kwamba habari ya mvuke unaotambaa haina budi kuandikwa kwa kitenzi: hutambaa.

Tulisimama sana penye harufu. Karatasi yasema: "ina harufu ya samaki". Kwa mtu wa kiwandani mbali na ziwa hilo ni onyo. Kwa Lamadi, ambako dagaa huanikwa na kupakiwa kwenye malori, hilo ni kusema kwamba kemikali ina harufu ya mji. Kiswahili cha pwani kina neno "shombo", nalo lafaa, lakini peke yake halitoshi. Kemikali hii hunuka shombo pamoja na ukali wa amonia, kama zizi lililofungwa. Aidha pua huzoea. Karatasi nzuri ingemwambia msomaji asiitegemee.

Penye madhara mfasiri ameandika kwamba kemikali "huleta kutu". Kutu ni ya chuma. Kinachosemwa ni kwamba hubabua ngozi na kuunguza macho. Na hapo ndipo alipoacha sentensi tuliyoikuta katika matini ya Kiingereza: mvuke wake huweza kuleta ukungu machoni, mtu akaona duara kuzunguka kila taa, kwa saa kadhaa. Hebu fikirini dereva wa usiku. Povu la kuzimia moto lisiloharibiwa na vimiminika vya jamii ya spiriti nalo limegeuka "povu linalopinga pombe", na dereva alitueleza kwamba yeye si mnywaji.

Usimamizi wa kemikali hizi uko mikononi mwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kwa kuwa karatasi kama hii hufasiriwa upya na kila mwagizaji mzigo, tungependa kamati ya istilahi ijadili na wataalamu wa ofisi hiyo matini fupi ya kuanzia, nasi twaitoa hapa ipingwe:

"HATARI. Trietilamini, 1296. Kimiminika rahisi sana kushika moto, hata penye baridi. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi penye moto. Hubabua ngozi na macho. Ukimwagikiwa, vua nguo na ujioshe kwa maji mengi. Ukiona duara kuzunguka taa, usiendeshe gari."

Neno "hubabua" lina shaka kidogo: tuliwauliza watu watatu pale kituoni, na mmoja alilifahamu kwa maana ya jua na moto tu, si ya kemikali. Wasomaji wa mikoa ya ziwa watuandikie wao husemaje.