Robo ya Mzunguko

Ukipanda vilima vyeupe vya mabaki ya mgodi, unaiona Manono yote: miembe, mapaa, na juu ya mapaa hayo paneli za sola zilizoinamishwa kidogo kuelekea kaskazini. Mji huu uliwahi kupata umeme wa mto. Miaka ya 1930 kampuni ya Géomines, iliyochimba madini ya bati hapa, ilijenga kituo cha Piana Mwanga kwenye mto Luvua. Vita vya mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaja, na mitambo ikanyamaza. Siku hizi kipo kituo cha sola cha megawati 1, ila nyumba nyingi zinajitegemea: paneli yao, batri yao, na ukutani kile kisanduku tunachokiita regilatere, kinachoamua batri ijazwe lini na taa zikatwe lini.

Kisanduku hicho ndicho cha kwanza kulaumiwa. Taa zikizima, regilatere imekufa. Inaagizwa nyingine, inasafiri siku nyingi juu ya lori, inafungwa, na baada ya miezi miwili nayo imekufa.

Jirani yangu, mama anayeuza maji baridi, alikuwa ameshazika mbili alipomwita fundi ninayetaka kumsifu. Ya tatu ilikuwa mezani, bado kwenye boksi lake. Fundi hakuigusa. Alivuta kiti, akauliza:

“Mama, inazima saa ngapi?”

“Saa sita, papa. Asubuhi inajaza vizuri. Jua likishakuwa kali, inaacha.”

Nilidhani ni mazungumzo ya adabu tu, kumbe kazi ilikwishaanza. Kitu kinachougua kwa saa maalumu kina sababu yake, na saa ya kuugua ni nusu ya jibu.

Akapima paneli ikiwa imechomolewa: volti 20. Nzima kabisa, ungesema, na mafundi wengi wangeishia hapo. Lakini kiungo kibovu cha waya kisichobeba mzigo hudanganya. Mpaka mkondo upite ndipo udhaifu wake unapoonekana. Kwa hiyo alirudisha mfumo ufanye kazi, akapanda ngazi juani, akaweka ncha moja ya mita upande huu wa kiungo cha waya na nyingine upande wa pili. Kiungo kizuri kingeonyesha karibu sifuri. Hiki kilionyesha volti 4. Alipobandua utepe, ndani nyuzi zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu, shaba imegeuka kijani. Asubuhi volti zilizobaki zilitosha. Saa sita paneli yenyewe inapata joto, nguvu yake ya volti inashuka, na kile kiungo kinakula kilichosalia.

Naye hakuridhika na kosa moja. Waya wote ulikuwa mwembamba, wa milimita za mraba 1.5. Ukipitisha ampea 10 kwenye waya huo, mita 10 kwenda na 10 kurudi, unapoteza kama volti 2.3 njiani, kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu sehemu moja ya tano ya jasho la jua. Ukiweka wa milimita za mraba 6, hasara inabaki nusu volti na kidogo. Mama alilipia waya mnene, na sijaona fedha iliyotumika vizuri zaidi mtaani kwetu.

Regilatere iliyokuwa ukutani nayo kweli ilikuwa karibu kufa. Tundu moja la kufungia waya lilikuwa limeyeyuka: skrubu iliyolegea huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto likatafuna plastiki. Hakuna aliyeiharibu kwa makusudi. Skrubu ililegea tu, ikaachwa.

Kufunga mpya kulichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Alichomoa kwanza mzigo, kisha paneli, mwisho batri. Kila waya akaufunga kipande cha karatasi chenye jina lake. Wakati wa kurudisha akageuza mpangilio: batri kwanza, kisha paneli, mzigo mwisho. Mwanafunzi wake akauliza kwa nini. Alimjibu kwamba kisanduku kipya hakijui kimeingia nyumba gani. Batri ndiyo inayokiambia kama ni volti 12 au 24, na paneli isiyo na batri ya kuishika inaweza kukitupia volti zake zote 20.

Baada ya hapo hakuondoka. Alikaa chini ya mwembe saa sita ikapita, saa saba ikapita, mita mkononi, mpaka batri ikafika volti 14.4 na regilatere ikaanza kupunguza chaji yenyewe. Mama alimpa kopo la maji, ya moto bado.

Kesho yake alfajiri nilisikia hodi kwa jirani. Fundi alikuwa amerudi na bisibisi moja tu, kwa sababu nyuzi za shaba zikibanwa hulala usiku na kuacha nafasi. Alikaza kila skrubu robo ya mzunguko, akaaga, akaenda zake.