Vuli Haimngoji Mgeni Rasmi

Maharage ya shamba darasa lile la Lushoto yalishindwa kabla ya kuchipua. Mliopita njia ile mliona maua yametapakaa chini ya mashina, na wengi mkalilaumu jua la Januari. Jua mnalionea. Kosa ni kumsubiri mkubwa.

Vuli ilishuka, majirani wakatia mbegu udongo ulipolowa tu. Shamba darasa likakaa wiki tatu: limetifuliwa, kamba zimevutwa, kibao kimepakwa rangi, mbegu imo stoo, mgeni rasmi hajapata nafasi. Alipokuja akafukia punje chache, tukapiga makofi. Haya, tupige hesabu. Maharage mafupi hutoa maua karibu siku ya 40 na kukomaa kati ya 75 na 90, na huku juu kwenye baridi hujivuta zaidi. Ukizila wiki tatu za mwanzo, maganda yanajaa mvua ikiwa imeshaaga. Mmea wenye kiu hujipunguzia mzigo, unapukutisha maua. Tena anayechelewa huwapokea inzi wa maharage waliokwishazaliana kwa waliotangulia.

Upandaji wenyewe haukuwa na kosa. Nafasi ya sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo: safi.

Kisha, maua yalipodondoka, ikaletwa busta, dawa ya kupulizia inayouzwa kama kichocheo cha mimea. Nimeipigia kelele miaka yote na leo siachi. Homoni za jamii ya auksini, kama NAA, kweli huweza kupunguza kudondoka kwa maua, zikipulizwa kwa kipimo na mmea ukiwa na maji. Hushikilia kikonyo, hazileti unyevu. Jibberelini nayo, iliyoanza kufuatiliwa Japani baada ya mwanasayansi Kurosawa kuchunguza mwaka 1926 ugonjwa unaorefusha mpunga hovyo, hurefusha shina. Nani aliomba shina? Na chupa nyingi ziitwazo busta ni mbolea ya majani tu. Someni lebo, jamani.

Tukirudi kwenye kusubiri: wazee wa Kishambaa walichomeka maharage katikati ya mahindi na migomba bila kuomba ratiba ya mtu. SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza 1981, angalau ulituachia majani ya guatemala kwenye makinga maji. Lakini ofisi zetu zimerithi tabia ya mpango wa kikoloni wa Mlalo wa 1946, matuta kwa amri, mpaka wakulima wakaukataa ukafa.

Vuli ijayo pandeni na majirani. Mgeni rasmi aalikwe siku ya kuvuna.