Halijoto Mbili za Utando Mmoja: Tahakiki ya Oksidi ya Vanadi kwa Majengo ya Kakiika na Nakivale

Makala ya Mlyuka, Niklasson na Granqvist ya mwaka 2009 ni miongoni mwa matunda mazuri ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Uppsala. Inaonyesha kwamba magnesi ikichanganywa katika utando mwembamba wa oksidi ya vanadi, mwanga hupenya zaidi na halijoto ya mageuko hushuka. Bila nyongeza hiyo, utando hugeuka kwenye nyuzi 68 hivi za Selsiasi: chini ya hapo hupitisha mionzi ya joto, juu yake huirudisha.

Udhaifu haumo katika makala hiyo, bali katika namna matokeo ya aina hii yanavyosomwa na watunga sera. Halijoto mbili huchanganywa zikawa moja. Ya kwanza ni ya uwekaji, yaani joto la kioo wakati utando unapojengwa juu yake, ambalo mara nyingi hukaribia nyuzi 450. Likipungua mno, atomi hazipati nguvu ya kujipanga. Utando hukosa fuwele na mageuko hufifia. Likizidi, sodiamu ya kioo cha kawaida hupenya ndani ya utando, na kioo chenyewe huanza kulegea. Tena vanadi ina oksidi nyingi. Oksijeni isipodhibitiwa, hupatikana nyingine isiyogeuka kwenye nyuzi 68. Ripoti inayotaja "halijoto bora" pasipo kueleza ilipimwa wapi, kwenye kioo au kwenye kipasha joto, haimfai anayetaka kurudia jaribio.

Ya pili ni halijoto ya matumizi, na hapo Kakiika inaleta swali gumu. Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mchana kwa kawaida haifiki nyuzi 30. Kioo cha dirisha, hata kikipigwa na jua, hakitarajiwi kufika 68. Utando usio na magnesi ungekaa hapo miaka bila kugeuka hata siku moja. Huko Nakivale, wilayani Isingiro, hoja ya dirisha haina hata pa kusimama: chini ya paa la bati, joto huingia kutoka juu, na kioo mara nyingi hakipo.

Kwa paa kama hilo, ipo oksidi nyingine ya metali inayostahili kupimwa kwanza, nayo ni ile ya titani iliyomo katika rangi nyeupe. Hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na hupakwa kwa brashi juu ya bati lililokwisha kuezekwa, bila tanuri.