Light Yagami: Imani Iliyotanguliwa na Damu

Wenzangu wengi waliotazama Death Note wana kauli moja: eti Light Yagami alianza vizuri, akaja kuharibiwa na madaraka. Mimi siikubali. Ninachodai ni kwamba Light hakuwa na imani njema iliyochafuka baadaye. Aliua kwanza, ndipo akatafuta imani ya kumtakasa mikono.

Kwa wasioifahamu kazi hii, ni hadithi ya katuni ya Kijapani iliyotungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, ikachapishwa kati ya 2003 na 2006. Studio ya Madhouse iliigeuza kuwa anime ya sehemu 37, iliyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2006 hadi 2007. Light, mwanafunzi hodari na mtoto wa afisa mkubwa wa polisi, anaokota daftari lililoangushwa na Ryuk, mungu wa mauti. Ukiandika humo jina la mtu huku sura yake ikiwa akilini mwako, mtu huyo hufa.

Hebu tufuate msuko wa sehemu ya kwanza. Light analijaribu tu daftari. Jina la kwanza ni la mtu aliyeteka watoto. La pili, la mhuni wa pikipiki anayemsumbua mwanamke barabarani. Baada ya hapo anatetemeka, kwani ameua watu wawili. Ana njia mbili: akiri kuwa ni muuaji, au ageuze mauaji yawe wajibu. Anashika ya pili, na hapo ndipo anapozaliwa yule "mungu wa dunia mpya". Ni kweli kwamba hata kabla ya daftari aliiona dunia imeoza. Lakini kuchoshwa na dunia si imani. Wangapi wamechoshwa nayo na hawajaua mtu?

Sehemu ya pili inamuumbua kabisa. Mtu anatokea kwenye televisheni, anajitambulisha kuwa ni mpelelezi L, anamwita muuaji huyo mwovu. Light anamwandika papo hapo! Kumbe marehemu ni mfungwa aliyekwisha hukumiwa kifo, amewekwa pale kama mtego. Light hakujua hilo. Kwa ufahamu wake, amemuua mpelelezi asiye na hatia. Jana mwovu alikuwa anayeumiza watu. Leo ni anayempinga Light. Wapelelezi 12 wa FBI wanaouawa baadaye wanafuata kanuni hiyohiyo.

Wapo watakaosema, mbona katika hadithi uhalifu unapungua? Sawa, unapungua. Lakini hakimu huyu hasikilizi utetezi wa mtu yeyote. Anategemea taarifa za televisheni na kumbukumbu za polisi, yaani vyombo vya dunia ileile anayodai imeoza.

Ushahidi mkubwa kuliko yote uko katikati ya hadithi, Light anapopoteza kumbukumbu za daftari. L anamtaka amdanganyie mapenzi Misa ili apate habari. Light anakataa, anaona ni unyama kuchezea moyo wa mtu. Huyu ni kijana yuleyule, akili ileile, ila hakumbuki kwamba ameua. Kwa kuwa hana damu ya kuitetea, ile imani ya umungu haipo. Akiligusa daftari, kumbukumbu zinarudi, na imani inarudi pamoja nazo.

Hapa nawalaumu waliotengeneza anime. Katika kitabu, Light anakufa akimlilia Ryuk kwamba hataki kufa, yeye aliyewaua wengi bila kuwatazama usoni. Katika anime anafia ngazini kimyakimya, baada ya kujiona kama alivyokuwa zamani, kijana msafi. Kifo hicho kinapendeza macho lakini kinadanganya, kwani kinatuhimiza tumlilie shujaa aliyepotea njia. Ohba na Obata hawakutupa nafuu hiyo.

Tusimtafute Light mwema wa mwanzoni kana kwamba majina mawili ya kwanza hayahesabiki. Wengi wetu tuliyapigia makofi, tukaanza kushtuka wapelelezi walipofuata. Yeye alihitaji imani ili aendelee baada ya jina la pili. Sisi watazamaji tulikubali bila hata kuhitaji imani hiyo.